Ilani ya Wenye Majina

Sisi wakazi wa Bukoba na Muleba, wanafunzi, wakulima wa kahawa, mama lishe na madereva wa bodaboda, tumeungana kwa jambo moja: jina la mtu mtandaoni libaki mikononi mwa mwenyewe.

Dirisha la mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, vijana wetu hujaa steshenari. Mhudumu anamfungulia kijana baruapepe, anatunga nywila, anaiandika kwenye daftari lake. Kijana analipa, anaondoka na karatasi. Siku ya kurekebisha fomu, mhudumu kahama au daftari halionekani, na kijana anabaki nje ya akaunti yenye jina lake, picha yake na cheti chake. Mama anayemtajia wakala namba yake ya siri kwa sababu haoni vizuri yumo katika shida hiyohiyo.

Wazee wa hapa Buhaya waliijua hali hii kwa jina la nyarubanja: unapalilia migomba, unazeeka palepale, lakini kibanja ni cha bwana. Mwaka 1965 ilitungwa sheria ya kuwamilikisha wapangaji hao vibanja vyao. Hatukubali wajukuu wao wawe wapangaji ndani ya majina yao.

Wala ukubwa wa mtunzaji wa akaunti si dhamana. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilizimika kwa takriban saa sita, na walioitegemea kuingilia huduma nyingine wakakwama mlangoni.

Steshenari zimewafikisha wengi chuoni, tunazishukuru. Lakini mhudumu aelekeze, mwenyewe aandike. Namba ya kurejeshea akaunti iwe ya mwenye akaunti. Nywila zilizomo madaftarini warudishiwe wenyewe, kisha kurasa hizo zichanwe mbele yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023; anayeweka taarifa za watu ajue anawajibika.

Nasi tunaahidi kukaa na majirani zetu wa Kashai, Kamachumu na Nshamba, mmoja mmoja, hata kama somo la nywila litachukua alasiri nzima, mpaka bibi aingie kwenye akaunti yake kwa vidole vyake.

Ndugu msomaji, anza leo na laini zako. Piga *106#, angalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa kampuni yako ya simu, udai ifutwe.