INI LA MASKINI NALO NI INI



Ndugu wapendwa, mgonjwa wa saratani ya ini hapa Ipinda humwona padre kabla ya kumwona daktari bingwa. Tumbo limejaa maji, macho yamekuwa ya manjano, na ukoo umeanza kunong'ona habari za uchawi. Tunampaka mafuta, tunamzika, tunanyamaza. Ukimya huo ndio ninaoulaumu.

Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa dawa mbili zinazotolewa pamoja kwa dripu kila wiki 3: atezolizumabu, inayoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, na bevacizumabu, inayozuia mishipa ya damu inayoilisha. Wagonjwa walikuwa 501. Baada ya mwaka mmoja, kwa kila 100 waliopewa dawa hizo 67 walikuwa hai. Waliopewa dawa ya awali, 55. Walitoka Asia, Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia. Afrika haikuwamo. Nasi je? Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa nusu ya wagonjwa wa kusini mwa Sahara walifariki ndani ya miezi 2 na nusu tangu kugunduliwa.

Wako wasemao: "Afadhali, tusifanywe panya wa majaribio." Hofu hiyo ina sababu. Lakini Azimio la Helsinki ladai ridhaa ya kweli ya mgonjwa, na kwamba jamii inayofanyiwa utafiti inufaike nao. Tudai hayo, tusikatae utafiti. Kuachwa nje nako ni dhuluma, maana tunatibiwa kwa kukisia.

Hata hivyo, majaribio hayo yaliwapokea wenye ini linalofanya kazi vizuri bado. Wetu hufika limekwisha. Kwa hiyo haki yaanza mapema: kwa virusi vya homa ya ini B na kwa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika Tanzania ya kati.

Viongozi wa walei, ulizeni katika kamati za afya: je, mtoto hupata chanjo ya homa ya ini B ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza tangu mwaka 2009? Je, wajawazito wanapimwa? Akina mama wa WAWATA, fundisheni kuanika karanga na mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Na mbunge akija, aulizwe ni lini utafiti wa tiba hizi utafika katika hospitali zetu za rufaa.

Tusimsingizie Mungu kifo ambacho uzembe wetu umekiruhusu.