Mtoto Asiyeelewa Jicho Lako Si Mkaidi

Huku kwetu Kisumu, kuanzia soko la Kibuye hadi ufuo wa Dunga, wazazi wengi wanaamini kwamba mtoto mwenye adabu haambiwi, hutazamwa tu. Mama akimkazia macho mbele ya wageni, mtoto aelewe. Asipoelewa, au akijibu kwa tabasamu, anahesabiwa mkaidi, na wageni wakishaondoka anachapwa.

Imani hii ni potofu, na watoto wanaumia kwa ajili yake.

Kusoma uso wa mtu ni ujuzi unaokua polepole. Mtoto hutambua furaha kwanza. Hasira na huzuni hufuata. Hofu, mshangao na kinyaa huchelewa zaidi. Watafiti Sherri Widen na James Russell walionyesha kwamba watoto wadogo wengi wakiona uso wa kinyaa husema ni wa hasira. Utambuzi wa hisia usoni huendelea kuimarika hadi ujanani, hasa kwa hisia zinazoonekana kidogo tu. Na jicho la mama mbele ya wageni ni hasira iliyofunikwa kwa tabasamu la heshima. Fumbo gumu kiasi hicho tunampa mtoto wa miaka minne alifumbue!

Wapo watakaosema hata mtoto mchanga humsoma mamake. Ni kweli kwamba mtoto wa mwaka mmoja akikutana na jambo geni hugeuka kumtazama mama, na akiona hofu husita. Lakini kusita mbele ya hofu iliyo wazi si sawa na kujua kwamba mama amekasirika kwa sababu umechukua andazi la tatu mbele ya wageni.

Tena kofi humpotosha. Mwaka 2002, Seth Pollak wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, na mwenzake walionyesha kwamba watoto waliopigwa na kuumizwa nyumbani huitambua hasira usoni kwa dalili chache kuliko wenzao. Wamefunzwa kuwa macho na hatari.

Sheria nayo inakataza: Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Ibara ya 29 ya Katiba ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Kila mtu, pamoja na mtoto aliye sebuleni kwako.

Mzazi mwenzangu, mwite mtoto pembeni umwambie kwa maneno: nimekasirika kwa sababu umechukua andazi bila kuomba. Akiisikia hisia ikitajwa huku akiuona uso wako, atajifunza. Asiyejua hufundishwa, hapigwi.