Wanafunzi wa Exetat, msikariri fomula tupu

Kwa wadogo zetu wa Lubumbashi wanaojiandaa na Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kongo, nina jambo moja: msikariri fomula bila kujua inafanya kazi gani. Chukueni mfano wa laini ya umeme inayotoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, iliyojengwa kulisha migodi ya Katanga. Kwa nini inatumia volti laki tano? Umeme unaopotea kwenye waya kama joto ni ukinzani mara mkondo kipeo cha pili. Ukiongeza volti maradufu kwa wati zilezile, mkondo unabaki nusu, na upotevu unashuka hadi robo. Maswali mengi ya Exetat ni ya kuchagua jibu, lakini anayeelewa sababu habahatishi. Walimu wetu, tafadhali fundisheni hivyo.