Ndege inayojiendesha: ni nani ameshika usukani?



Juma hili tunajibu swali ambalo limerudi mara nyingi katika vikundi vyetu: je, ni kweli kwamba ndege kubwa inajiendesha yenyewe, na rubani anakaa tu anakunywa kahawa? Wengine wanaliuliza kwa kucheka, lakini nyuma ya kicheko kuna woga. Sisi wa Kisangani tunajua sababu. Ukitaka kufika Kinshasa kumwona mtoto anayesoma ao kumpeleka mgonjwa, unachagua mto ao hewa. Mto unachukua majuma. Hewa inachukua muda wa kupika sombe, lakini moyo unapiga toka mwanzo hadi mwisho.

Na sisi wa Simi-Simi tunaishi kando ya kiwanja cha zamani, ambako wazee wetu waliona ndege zikishuka mbele ya kazi hiyo kuhamia Bangoka, kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji. Hatujasahau tarehe 8 Julai 2011. Siku hiyo ndege ya Hewa Bora, Boeing 727 iliyotoka Kinshasa, ilianguka karibu na Bangoka ikijaribu kutua katika mvua kubwa. Watu zaidi ya 70 walikufa. Kwa hiyo mama anayeuliza namna ndege inavyoongozwa haulizi mambo ya watu wengine.

Jibu fupi ni hili: ndege kubwa ina wasaidizi watatu wa mashine, na kila mmoja ana kazi yake. Hakuna hata mmoja anayefikiri. Tuwaeleze kwa mfano wa mtoni.

Fikirini balenyeri inayopanda mto ikiwa na mizigo. Mbele amesimama mtu mwenye mti mrefu. Anapima kina cha maji, kisha ananyosha mkono: kulia, kushoto, moja kwa moja. Yeye hagusi usukani, anaonyesha tu. Nyuma yuko mwenye kushika usukani, anayeugeuza kufuata ule mkono. Na karibu na moteri yuko wa tatu, anayeongeza ao kupunguza nguvu. Watu watatu, chombo kimoja.

Katika ndege, yule wa mbele anayeonyesha anaitwa kielekezi cha urukaji. Ni kompyuta inayochora mistari miwili kwenye kioo mbele ya rubani, mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala. Mistari inasema: inua pua kidogo, lala kidogo kushoto. Rubani akifuata vizuri, mistari inakutana katikati. Asipofuata, inabaki pale pembeni ikionyesha, wala haimshiki mkono. Hilo tulikumbuke, tutalirudilia.

Yule wa usukani ni otopiloti. Huyu ana mikono, maana moteri ndogo zake zinageuza vipande vinavyochezacheza kwenye mabawa na mkia. Kazi yake ni ileile ya mama anayepika juu ya makala: anaangalia, analinganisha na anavyotaka, anasahihisha, kisha anaangalia tena. Tofauti ni kwamba otopiloti inafanya hivyo mara nyingi katika sekunde moja, na haichoki. Rubani anaiandikia: kaa kwenye urefu wa futi 35,000, yaani karibu mita 10,700, na fuata njia hii. Upepo ukisukuma bawa, otopiloti inalirudisha mbele ya abiria kusikia.

Inajuaje kwamba ndege imelala upande, hata usiku, hata ndani ya wingu? Chukueni gurudumu la baiskeli, kama lile la toleka, mlishike kwa mhimili wake na mlizungushe kwa nguvu. Mtasikia linakataa kugeuzwa. Kitu kinachozunguka kwa kasi kinapenda kubaki kilivyo. Mwaka 1914, huko Ufaransa, Mmarekani kijana aitwaye Lawrence Sperry aliweka magurudumu madogo ya namna hiyo ndani ya ndege yake, akainua mikono yake miwili hewani mbele ya watu, na ndege ikaendelea kuruka sawasawa. Ndege nyingi za leo zinatumia miale ya mwanga kwa kazi hiyo, lakini wazo halijabadilika. Urefu unajulikana kwa kupima uzito wa hewa, ambayo inapungua kadiri unavyopanda. Mwendo unajulikana kwa kitundu kidogo kinachopokea upepo wa mbele.

Wa tatu, yule wa moteri, ni otomaneti. Anasukuma ao kurudisha vishikio vya nguvu ili ndege ishike mwendo ulioandikwa. Mwendo kwa ndege ni uzima. Pirogi ikipunguza mwendo inaelea tu, lakini ndege ikipunguza kupita kipimo, mabawa hayawezi tena kuibeba.

Sasa basi, hao watatu wanaweza nini, na hawawezi nini? Kwa kawaida kuruka kutoka chini kunafanywa na mikono ya rubani. Kisha katika safari ndefu ya juu, otopiloti inashika sehemu kubwa. Kutua pia inaweza kusaidia, na ndege nyingine zinaweza kutua kwa mashine kabisa, lakini lazima kiwanja chenyewe kiwe na mitambo ya redio inayofaa, na marubani wawe wamefundishwa. Ndege haitui kwa mashine mahali ambapo chini hakuna kitu cha kuiita. Na mashine haichagui kwa akili yake kwamba tufani hii ni kubwa, turudi tulikotoka. Uamuzi huo ni wa mtu.

Tena mashine inatii ilivyoandikiwa, hata kama imeandikiwa vibaya. Tarehe 6 Julai 2013, ndege ya Asiana, Boeing 777, ilikuwa inatua San Francisco huko Marekani. Marubani waliamini kwamba otomaneti inalinda mwendo. Kwa namna walivyokuwa wamepanga mitambo, haikuwa inaulinda. Mwendo ulishuka, ndege ikagonga ukuta wa bahari mbele ya njia ya kutua. Kati ya watu 307 waliokuwa ndani, watatu walikufa.

Lakini mfano ambao tungependa kila mama aushike ni wa karibu zaidi nasi. Ni ndege ya Kenya Airways, Boeing 737-800, safari namba 507, iliyotoka Abidjan kwenda Nairobi na kupitia Douala, Kameruni. Ilikuwa usiku wa manane, tarehe 5 Mei 2007. Mvua kubwa ilikuwa imeichelewesha. Ndani walikuwa abiria 108 na wafanyakazi 6. Kapteni alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23.

Ndege iliruka salama, ikaingia gizani. Kutoka mwanzo ilikuwa inavutwa kidogo upande wa kulia, na kapteni alikuwa anairudisha kwa mkono. Kwenye futi kama 1,000 alisema neno la kuonyesha kwamba otopiloti sasa inashika. Msaidizi hakujibu kwamba ameona imeshika. Na kweli haikuwa imeshika. Katika ndege ya aina hiyo, otopiloti ikishika, kwenye kioo zinaandikwa herufi CMD. Isiposhika, na kielekezi peke yake kinafanya kazi, zinaandikwa herufi FD. Kutofautisha hayo mawili kunataka jicho moja tu la haraka.

Kwa karibu dakika moja hakuna mtu aliyeongoza ndege ile. Kapteni alifikiri mashine imeshika. Mashine ilikuwa inangoja mtu. Ndege ikalala kulia polepole, polepole mno hata mwili wa binadamu usisikie. Nje kulikuwa giza tupu, hakuna taa ya kumwambia mtu kwamba dunia imeinama. Kengele ya ndege ilipolia kwamba imelala kupita kipimo, kapteni alishtuka, akageuza huku na huku, na mageuzo yake yakazidisha ubaya. Msaidizi alipojaribu kumsahihisha, muda ulikuwa umekwisha. Ndege ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita chache kutoka kiwanjani, mbele ya dakika mbili kutimia toka iliporuka. Watu wote 114 walikufa.

Wachunguzi hawakuandika kwamba otopiloti ilimwua mtu. Waliandika kwamba marubani waliacha kuangalia vipimo vyao, kapteni akapoteza kujua upande wa juu na wa chini, na kwamba wale wawili hawakushirikiana vizuri katika kazi. Turudie mfano wa balenyeri: mtu wa mbele alinyosha mkono, moteri ikaunguruma kwa nguvu, na kwenye usukani hapakuwa mtu.

Wamama, tunaandika haya kwa sababu kitu hiki kinatokea katika nyumba zetu bila bawa wala moteri. Watoto wanapozwa na maji mtoni. Mama anaondoka akijua shangazi anawaangalia, shangazi anaondoka akijua mama yuko. Mtoto mdogo ana homa. Mama anampa dawa asubuhi, nyanya anarudi kutoka sokoni na kumpa tena, kila mmoja akifikiri mwingine hajampa. Dawa ya homa ikizidi inaharibu maini ya mtoto. Franga za likelemba zinatoka kwa mweka hazina kwenda kwa mwandishi, na siku ya kugawa kila mmoja anasema, "Nilijua ziko kwako." Katika mambo hayo yote hakuna mwenye moyo mbaya. Kila mmoja alifikiri mwingine ameshika.

Marubani wana dawa ya ugonjwa huo, na haigharimu hata franga moja. Anayepokea anasema kwa sauti, "Nimeshika." Anayetoa anajibu, "Umeshika." Kisha wote wawili wanaangalia kwa macho kama ni kweli. Tunaomba kila kikundi kijaribu kwa mwezi mmoja. Mbele ya kuondoka karibu na maji, sema: "Shangazi, watoto ni wako sasa." Usiondoke mpaka ajibu, hata kama ni mkubwa kwako na unaona haya. Dawa iliyotolewa iandikwe kwenye karatasi ukutani, na saa yake. Franga zihesabiwe mbele ya wawili, pale pale.

Kuna jambo la pili, nalo ni gumu kidogo. Kati ya miaka 23 na 52 kuna umbali mkubwa. Sisi tunalea watoto wetu kuheshimu wakubwa, na ni vizuri. Lakini binti anayeona moto umeshika pazia asingoje kuulizwa. Mkwe anayeona mtoto anapumua vibaya asinyamaze kwa sababu mama wa nyumba hajasema kitu. Leo mafunzo ya marubani yanataka mdogo aseme anachoona, mapema na waziwazi, na mkubwa amsikilize bila kukasirika. Sisi wakubwa ndio wa kufungua mlango huo. Tuwaambie watoto wetu: ukiona hatari, sema kwanza, heshima tutaendelea nayo kisha.

Na kwa wale wanaosafiri: otopiloti si ya kuogopwa, maana inashika ndege kwa utulivu ambao mkono wa mtu hauwezi kuushika saa nyingi. Cha kuangalia ni watu na kazi zao: wanaotengeneza ndege, wanaoamua kungoja mvua ipite, wanaolinda kiwanja. Safari ikicheleweshwa kwa sababu ya tufani, tusimtukane mtu. Kuchelewa Bangoka si kitu kibaya.

Neno la mwisho ni kwa wasichana wetu wanaosema hesabu ni ya wavulana. Irene Koki Mutungi wa Kenya ni mwanamke wa kwanza wa Afrika aliyefanywa kuwa kapteni wa Boeing 787. Pembe, kipimo na mwendo tunavyofundisha darasani ndivyo anavyotumia juu ya mawingu. Binti yako akikuuliza hesabu itamsaidia nini, mwonyeshe ndege inayopita juu ya Simi-Simi.

Juma lijalo tutaendelea na dawa za nyumbani: namna ya kuzihifadhi mbali na mikono ya watoto. Wenye maswali wayalete mkutanoni, hata kwa mdomo. Tutaandika.