Nani Aliyemfumba Mpiga Uta Jicho?

Twataka kupinga jambo ambalo wengine wataliona dogo. Katika madarasa ya Kiswahili ya Jinja na Mbale, mwanafunzi akiambiwa aigize kitenzi "kulenga" kwa uta na mshale, aghalabu hufumba jicho la kushoto, hulaza shavu begani, kisha huvuta uta asio nao. Mwalimu husema, "Vizuri." Sisi twasema si vizuri. Mtoto huyo hakuigiza mpiga uta, ameigiza askari.

Bunduki ina sababu ya kutaka jicho moja. Iko alama ya nyuma, iko ncha ya mbele, kisha iko shabaha. Vyote vitatu havina budi kupangwa katika mstari mmoja, na macho mawili yakiwa wazi, kimojawapo huonekana viwili. Uta wa jadi hauna alama hizo. Mpiga uta hatazami mshale. Hutazama mahali anapotaka uchome, mkono ukafuata, kama ufanyavyo mkono wa mtupa jiwe. Macho mawili ndiyo yampayo umbali, na kwa mshale umbali ni jambo kubwa, maana huenda polepole kuliko risasi na huanguka mapema. Tena mnyama hasimami kama ubao wa shabaha.

Wako Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wawindao kwa uta hata leo. Wawaata wa Kenya waliwinda ndovu kwa mata yaliyotaka nguvu ya ratili 100 na zaidi kuyavuta. Avutaye uta wa namna hiyo hakai akipimapima kwa jicho moja: huvuta na kuachia.

Basi jicho lilifumbwa na nani? Hatuna haja ya kwenda mbali. Kikosi cha nne cha KAR kilikuwa na kambi yake Jinja, na Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Wananchi wengi wa Uganda waliisikia lugha hii kwanza kwa sauti ya kambi: simama, lenga, piga. Aliyeitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 alikuwa Idi Amin, naye alilelewa na KAR hiyo hiyo. Wako wazazi wa Busoga na Bugisu ambao hata leo hukunja uso wakiisikia, wala hatuwalaumu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Je, tuwapelekee watoto wao kwata?

Maneno yasiyotoka kambini yamo tele. Uta una upote, yaani kamba yake. Mshale una wano, ambalo ni ule mti, na kigumba, na manyoya. Mishale hukaa podoni. Mshale ukimpata mnyama, umemfuma (mwanafunzi asichanganye na kufuma kitambaa). Twasikia walimu wenzetu wakisema "kufyatua mshale", kitenzi cha mtego na cha bunduki, ilhali kuupiga na kuuachia vyatosha. Neno uta ni la kale sana katika lugha za Kibantu; Mkikuyu na Mkamba walijua. Msoga na Mgisu na waende wakaulize nyumbani kwao huitwaje.

Tutaambiwa kwamba wako wapiga uta wafumbao jicho. Wako. Avutaye kwa mkono wa kulia ilhali jicho lake lenye nguvu ni la kushoto huenda akalifumba; na katika Michezo ya Olimpiki, ambako uta hufungwa kifaa cha kulengea, wengine hufumba. Hiyo ni dawa ya mwenye haja nayo, si kanuni ya kufundishia darasa zima.

Mwalimu na atoke nje na wanafunzi wake. Wa Mbale waelekeze kidole gumba kwenye majabali ya Wanale, wa Jinja kwenye nguzo za daraja la Nile lililofunguliwa mwaka 2018, mkono umenyooka, macho yote wazi. Kisha wafumbe jicho moja, halafu la pili. Kwa jicho moja kidole kitaruka kando. Kwa lile lenye nguvu kitabaki palepale. Wakishalijua, wafumbue yote mawili, ndipo waambiwe: lengeni.