Mbwa Mwenye Njaa Halindi Boma

Hapa Birongo, huku Gusii, kuna imani ambayo haijawahi kuhitaji mtetezi, kwa kuwa hakuna anayeipinga: mbwa akishiba hulala, kwa hiyo anayetaka ulinzi amlaze njaa. Paka naye anyimwe, la sivyo panya watahamia jikoni. Utaisikia kwa wazee, kwa vijana wa bodaboda, kwa walimu waliosomea baiolojia, hata kwa mama anayelalamika kwamba mbwa wake mwenyewe amemla kuku wake. Mimi nasema ni uongo, tena uongo wa gharama kubwa. Njaa haimpi mbwa ukali. Inampa safari.

Fikiria yuko wapi saa nane za usiku, saa ambayo mwizi wa ng'ombe anapenda kufanya kazi. Alichokula mara ya mwisho ni ukoko wa ugali aliorushiwa jana. Sokoni kuna bucha, na mahali pa kuchinjia hapakosi utumbo na mapafu yaliyotupwa. Kwa jirani kuna jaa, na kuku anayeatamia chini ya mgomba. Pua ya mbwa inayajua haya yote kuliko wewe. Nasi Wakisii tumegawana mashamba hadi yamebaki vipande, kiasi kwamba kutoka boma moja hadi jingine ni kukatiza mistari michache ya majani chai. Kabla jogoo hajawika, mlinzi wako ameshazuru kijiji kizima isipokuwa lango lako. Mtu akimwajiri bawabu, akamnyima mshahara miezi mitatu, kisha akakuta kibanda cha bawabu kitupu, tutamcheka. Mwenye mbwa hatumcheki, tunamhurumia kwa kuibiwa.

Na tuseme mbwa huyo yupo nyumbani. Mwizi anayejua kazi yake haji mikono mitupu, huja na kipande cha nyama, mara nyingine chenye sumu. Nani atakimbilia nyama hiyo bila kuinusa mara mbili, mbwa aliyekula jioni au aliyeshinda na njaa? Mbwa hubweka kwa sababu ana pake: mahali anapolala, anapopewa chakula, na watu anaowatambua kwa harufu na sauti. Boma lisilompa chochote si lake, hana sababu ya kuligombania. Wale wanaomlisha pilipili ili awe mkali sitawajibu. Nitawaomba tu waionje wao kwanza, halafu tuone kama watakuwa walinzi bora.

Lakini wizi ni jambo dogo. Kubwa ni kile anachorudi nacho alfajiri. Kule kwenye mifupa ya bucha amekutana na wenzake, wamegombana, wameumana, na kichaa cha mbwa husafiri kwenye mate. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na kwamba katika kila visa mia moja vya binadamu, tisini na tisa hutokana na mbwa. Takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto wasiofikisha miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mgonjwa, hakuna tiba. Kwa hiyo anayeumwa aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha aende hospitali akachanjwe siku hiyo hiyo. Mitishamba na nywele za mbwa havimsaidii chochote.

Kenya imeujua ugonjwa huu tangu 1912. Mwaka 2014 serikali ilizindua mkakati wa kuutokomeza kwa binadamu ifikapo 2030, na msingi wake ni hesabu moja: ukichanja mbwa saba katika kila kumi, mwaka baada ya mwaka, virusi hukosa pa kwenda. Kisiwani Pemba walifanya hivyo. Ugonjwa ulitoweka, ukarudi mwaka 2016 kwa mbwa walioingia kutoka nje, watu wakachanja tena kwa bidii, na kufikia 2018 ukawa umekomeshwa.

Sisi hesabu hiyo inatushinda kwa sababu mbwa wetu hawaishi. Philip Kitala na wenzake waliwachunguza mbwa wa Machakos na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Dume lilitarajiwa kuishi miaka 3.5, jike 2.4, ilhali mbwa aliyetunzwa anaweza kupita miaka kumi. Wakati wowote ule, nusu ya mbwa wote hawakuwa wametimiza mwaka mmoja. Sioni kwa nini Gusii iwe tofauti sana. Maana yake, mlinzi unayemtegemea ni mtoto, na chanjo ya mwaka jana imezikwa pamoja na mama yake. Unamnyima chakula, anakufa, unaokota mwingine kwa shemeji, naye anaanza maisha bila sindano hata moja.

Kuhusu paka nitakuwa mfupi, maana jambo lao lilishajibiwa zamani. Mwaka 1976 mtafiti Robert Adamec aliwapa paka chakula wanachokipenda, na walipokuwa wakila akawaonyesha panya. Waliacha chakula, wakamuua panya, wakambeba hadi penye sahani, wakaendelea na mlo wao. Kuwinda na kula kwa paka ni mambo mawili. Njaa humwongezea hatari tu: paka aliyeshiba mara nyingi humuua panya na kumwacha hapo, lakini mwenye njaa humla mzima, hata panya anayepepesuka kwa sumu uliyotega wewe mwenyewe ghalani. Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande. Siku chache baadaye paka anavuja damu ndani kwa ndani, na wenye nyumba wanasema amerogwa.

Najua nitakachoambiwa: watoto wenyewe hawajashiba, nani atapika chungu cha mbwa? Hoja hiyo ningeiheshimu zaidi kama isingetolewa na mtu mwenye mbwa wanne. Asiyeweza kuwalisha wanne afuge mmoja, amhasi ili asizurure kutafuta majike, na ampe kila jioni, saa ile ile, ugali uliochanganywa na vichwa vya omena au mchuzi wa mifupa, na maji safi. Asimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Hakuna anayedai chakula cha dukani. Na asijidanganye kwamba ni hiari yake: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamhesabu anayemshindisha mnyama wake na njaa bila sababu kuwa mkosaji.

Njaa ina hasara nyingine, nayo huonekana siku ya chanjo. Maafisa wa mifugo huhitaji mwenyewe amshike mbwa wake, amfunge mdomo, amtulize. Mbwa ambaye hajawahi kupokea kitu mkononi mwa mtu hashikiki. Akiona kamba hukimbia, akibanwa huuma, na mwenye boma husimama mbali akijisifu kwamba mbwa wake ni mkali mno. Wanaofika na mbwa waliotulia mara nyingi ni watoto, wale waliokuwa wakiwagawia ugali wao kwa siri. Siku ya chanjo ikitangazwa, watumwe hao.