Mtamba wa Kukhu Hauzwi kwa Sababu ya Sumaku

Wasee wangu, leo siongei siasa wala bei ya unga. Naongea kuhusu mtamba wa kukhu hapa Shieywe, ambaye alikuwa karibu auzwe ili mjomba anunue sumaku.

Mjomba anafuga Marigat, Baringo. Jua la huko si mchezo. Ana kisima, maji yana chumvi kidogo, na anajaribu kupanda lusani. Juzi muuzaji mmoja akamwonyesha kifaa cha kufunga kwenye paipu: maji yakipita kwenye sumaku, eti yanakuwa "laini", lishe inakua maradufu na unatumia nusu ya maji. Mjomba akampigia kukhu simu. Kukhu, kwa vile mtoto ni mtoto, akaanza kuulizia bei ya mtamba.

Simcheki mjomba. Ukame ulioanza 2020 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 hapa Kenya. Ukiona ng'ombe wako wakianguka mmoja mmoja, utamsikiliza yeyote anayesema ana dawa.

Na tuwe wa haki: hii kitu si uchawi. Kuna watafiti, hasa wa nchi kavu kama Misri, waliojaribu na kuona mimea ikifanya vizuri. Lakini majaribio mengine hayakuona tofauti ya maana, na bado wanasayansi wanabishana inafanyaje kazi. Maji si msumari, hayashiki sumaku. Chumvi iliyoingia kwenye paipu ndiyo itakayotoka upande wa pili. Na sumaku haiongezi hata tone moja kwenye kisima.

Nilimuuliza mjomba swali moja tu: huyo jamaa ana shamba hapo Baringo twende tukaone? Kimya.

Sasa fikiria pesa ya mtamba inaweza kufanya nini. Inanunua tangi na mipira ya kumwagilia kwa matone. Inanunua mbegu za nyasi zilizozoea ukame, kama Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba, ambazo KALRO imezifanyia kazi miaka mingi kule Kiboko. Kumwagilia jioni badala ya saa sita mchana ni bure. Kukata nyasi wakati wa mvua, kuzikausha na kuziweka ghalani ni jasho tu.

Hata sisi tusijione wajanja. Kakamega inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, lakini ikifika Januari tunakatia ng'ombe migomba. Hapo shida si maji kukosa sumaku. Shida ni kwamba nepia ikijaa hatuweki akiba.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama muuzaji anaamini kifaa chake, akifunge kwa msimu mmoja kabla ya kulipwa. Mjomba agawe shamba mara mbili: mbegu ile ile, mbolea ile ile, maji yapimwe kwa ndoo, upande mmoja na sumaku, mwingine bila. Siku ya kukata, lete mizani. Ikishinda, mimi mwenyewe nitaomba msamaha hapa hapa.

Mpaka siku hiyo, mtamba anabaki kwa kukhu.

Wewe ungemshauri mjomba aje? Niambie hapo chini.